Injini ya Reli kwa Bati na Mbao: Somo la Kupima kwa Vikundi vya Vijana



Somo letu la safari hii ni la kazi ya mikono. Tutajifunza namna ya kutengeneza mfano wa injini ya gari la moshi kwa kutumia bati, waya na vipande vya mbao, pale pale nyumbani, bila mashine za bei ghali. Huenda mtu akauliza, kwani sisi watu wa majani chai tunajuana wapi na reli? Ni kweli mji wa Kericho hauna stesheni, na Bomet pia haina. Wengi wetu gari la moshi tulilijulia Londiani, au Kipkelion ambayo zamani iliitwa Lumbwa, au Fort Ternan, mahali reli ya kwenda Kisumu inapopita. Reli hiyo ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, wakati mji ule ukiitwa Port Florence.

Tumechagua injini ya reli kwa sababu moja. Karibu kila mtoto wa kwetu ameshatengeneza gari la waya. Gari la waya linasamehe makosa. Gurudumu moja likiwa kubwa kuliko lingine, bado unalisukuma na linaenda. Injini ya reli haisamehi. Magurudumu yakipishana na reli kwa milimita mbili tu, injini inaanguka. Kwa hivyo mtoto au kijana anayeitengeneza atalazimika kupima, hata kama hapendi hesabu.

Hapo ndipo penye faida. Kazi ya kuchuma majani kwa mkono imepungua katika mashamba makubwa kwa sababu ya mashine za kuchuma. Mwezi wa Mei 2023 maandamano ya Kericho yalifika hatua ya mashine hizo kuchomwa moto. Uchungu ule tunauelewa, maana nyuma yake kuna karo na unga. Lakini kijana anayebaki nyumbani leo anahitaji kitu cha kushika mkononi, na ufundi wowote, uwe wa bati, wa umeme, wa useremala au wa pikipiki, unaanza na rula. Tuanze nayo.

1. TUZIJUE INJINI ZETU

Kabla ya kutengeneza mfano wa kitu, kijue kitu chenyewe.

Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja kamili kutoka ukingo wa ndani wa chuma kimoja hadi ukingo wa ndani wa kingine. Reli mpya ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ina upana wa milimita 1,435. Ndiyo maana injini ya reli moja haiwezi kupita kwenye nyingine.

Njia nyembamba ya mita moja ilikuwa rahisi kupitisha milimani, lakini ilileta shida. Milima ni mikali, kona ni nyingi, na chuma cha reli hakiwezi kubeba uzito mkubwa mahali pamoja. Je, utawekaje injini yenye nguvu nyingi juu ya njia kama hiyo? Jibu lilikuwa injini za aina ya Garratt. Badala ya kuwa na kipande kimoja kirefu kisichopinda, injini hii ina sehemu tatu. Katikati kuna bwela la mvuke. Mbele na nyuma kuna seti mbili za magurudumu, kila moja na silinda zake, zikibeba matangi ya maji na mafuta. Bwela limekaa katikati juu ya viungo viwili, kwa hivyo injini nzima inajipinda kwenye kona, na uzito wake unagawanywa kwa magurudumu mengi.

Kubwa kuliko zote zilikuwa za daraja la 59. Zilitengenezwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, Uingereza, miaka ya 1955 na 1956. Zilikuwa 34, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Uzito wake ulifika tani 252, na hakuna reli nyingine ya mita moja duniani iliyokuwa na injini ya mvuke kubwa kuliko hizo. Mbili zinaonekana hadi leo katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Nazo ni namba 5918, Mount Gelai, na namba 5930, Mount Shengena. Milima hiyo yote iko Tanzania. Kikundi kikipata nauli ya kufika huko, kiende. Mtoto akisimama kando ya gurudumu linalomfikia kifuani, hatahitaji kuelezwa mara mbili tani 252 ni kitu gani.

Kwa somo la kwanza, hata hivyo, hatutatengeneza Garratt. Ina vyuma vingi vidogo vya nje na mwanafunzi atakata tamaa. Tutaanza na injini ya dizeli, ambayo umbo lake ni kama sanduku juu ya bogi mbili. Bogi ni ile fremu fupi yenye magurudumu, inayozunguka chini ya injini ili kufuata kona.

2. SKELI, AU KIPIMO KIMOJA KWA KILA KITU

Tofauti kati ya mfano na kitu cha kuchezea tu ni kwamba kwenye mfano kila sehemu imepunguzwa kwa kiasi kile kile. Ukigawa urefu kwa 40, ugawe na upana kwa 40, na kimo kwa 40, na gurudumu kwa 40. Hiyo ndiyo skeli, sawa na ile ya ramani ambayo watoto husoma shuleni. Ukipunguza urefu kwa 40 na kimo kwa 30, utapata injini iliyonenepa kama mtungi.

Sisi tunatumia skeli ya 1 kwa 40, na sababu ni rahisi. Mita moja ni milimita 1,000. Gawa kwa 40, unapata milimita 25. Kwa hivyo njia yetu itakuwa na upana wa milimita 25, hesabu isiyosumbua kichwa.

Tuchukue injini ya mfano wa darasani yenye vipimo hivi:

Urefu mita 16, unakuwa sentimita 40.
Upana mita 2.8, unakuwa sentimita 7.
Kimo kutoka reli hadi paa mita 3.6, kinakuwa sentimita 9.
Gurudumu mita 1 kutoka ukingo hadi ukingo, linakuwa milimita 25.

Kila mwanakikundi afanye hesabu hii mwenyewe kwenye daftari. Asinakili kwa jirani.

Je, kama huna vipimo vya injini unayoitaka? Tafuta picha iliyopigwa kutoka mbele moja kwa moja. Unajua tayari kitu kimoja kwenye picha ile, kwamba reli na reli ziko mita moja. Pima kwa rula upana wa reli pale magurudumu ya mbele yanapoikanyaga. Tuseme ni milimita 20. Basi kila milimita 20 za picha ni mita moja. Ukipima upana wa uso wa injini ukapata milimita 56, gawa kwa 20, unapata mita 2.8. Picha iliyopigwa kwa pembeni itakudanganya, maana kilicho mbali huonekana kidogo.

Tafadhali, msitume watoto kwenda kupima kwenye njia ya reli yenyewe. Mahali pa kupima ni makumbusho, baada ya kuomba ruhusa, au kwenye picha.

3. VIFAA

Vya kufanyia kazi: rula ya chuma, penseli, msumari uliochongoka wa kuchorea juu ya bati, mkasi wa bati, plaisi, nyundo ndogo, tupa, msumeno mdogo na bisibisi.

Vya kutengenezea: karatasi ngumu ya boksi, bati bapa jembamba la geji 30 au 32 (mafundi wa jua kali wana vipande vilivyobaki), ubao mwembamba, mpini wa fagio uliovunjika, spoku za baiskeli, tyubu kuukuu, bolti na nati ndogo, gundi ya mbao, na misumari midogo.

Mpini wa fagio mwingi una unene wa karibu milimita 25. Ukikatwa kama viazi unatoa magurudumu ya mbao ya kipimo chetu. Pima wako kwanza. Kama ni milimita 23, upige tupa uwe sawa pande zote na ukubali gurudumu la milimita 23, mradi yote manane yalingane.

4. VITU AMBAVYO HAVIINGII KWENYE KARAKANA YA NYUMBANI

Hapa naomba wazazi wasome pole pole, hata mara mbili.

Kwanza ni betri kuukuu za gari. Ndani yake kuna asidi na risasi. Risasi inayeyuka kwa nyuzi 327 za selsiasi, maana yake jiko la makaa la kawaida linatosha kuiyeyusha. Ndiyo maana watu huitumia kulehemu au kumwaga vitu vizito vya kuwekea injini na nyavu. Vumbi lake na moshi wake ni sumu, na mtoto hufyonza risasi mwilini kuliko mtu mzima, mara nne au tano zaidi. Inaharibu ubongo unaokua, inapunguza damu, na mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Ubaya wake ni kwamba hailii, hainuki, na mtoto haonekani mgonjwa siku ile.

Wakenya tumeshalipia somo hili. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwekwa kando ya nyumba za watu, na wakazi, watoto wakiwemo, wakadhurika kwa risasi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliamua wakazi wapewe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwezi wa Desemba 2024 iliwapa wakazi ushindi. Pesa hizo, hata zikilipwa zote, hazirudishi akili ya mtoto. Sasa mtu asije akaleta kiwanda kidogo cha namna hiyo jikoni kwake kwa ajili ya mfano wa injini.

Pili ni mikebe ya dawa za mimea na wadudu. Sisi wa mashamba tunayo mingi, na bati lake ni zuri, linavutia. Lisitumike hata kama limeoshwa. Na mkopo wa dawa ya kupuliza usikatwe kamwe, kwa sababu unaweza kulipuka.

Tatu ni moto kwenye mabati ya kuezekea. Yamepakwa zinki, na moshi wa zinki ukivutwa chumbani unaleta homa na baridi mwilini. Ukiyatumia, yakunje tu, usiyachome.

Nne ni rangi ya zamani iliyokaa stoo miaka mingi. Rangi nyingi za zamani ziliwekwa risasi. Nunua mkebe mdogo mpya ulioandikwa kwamba hauna risasi.

Kwa hivyo katika somo hili hatulehemu kabisa. Tutaunganisha bati kwa kukunja, kama mafundi wanavyofunga mdomo wa debe. Kukunja vizuri kunashinda kulehemu vibaya. Mikono ioshwe kwa sabuni kila kazi inapokwisha, kabla ya kugusa kimyet.

5. HATUA ZA KAZI

Hatua ya kwanza: karatasi kabla ya bati. Chora injini yako yote kwenye karatasi ngumu, kwa vipimo vya kweli vya sentimita, ikate na uikunje. Kosa la karatasi halina hasara. Kijana akilia kwamba anapoteza wakati, mwambieni avumilie.

Hatua ya pili: njia. Tengeneza njia kabla ya injini, ili injini iwe na mahali pa kupimiwa. Kata mataruma ya mbao yenye urefu wa sentimita 5. Reli ni waya mnene ulionyooshwa kabisa, au kifito cha mbao ngumu. Kata kipande cha ubao chenye upana wa milimita 25 kamili na ukiweke katikati ya reli mbili kila unapopigilia msumari. Kipande hicho ndicho kipimo chako, usitumie macho. Kona iwe pana, nusu kipenyo chake kisipungue sentimita 60.

Hatua ya tatu: magurudumu. Kata vipande vinane vya mpini wa fagio, kila kimoja unene wa milimita 5. Toboa tundu katikati kabisa. Ili kuipata katikati, chora mistari miwili inayopita gurudumu upande hadi upande, na palipokatana ndipo. Kisha kata visahani vinane vya bati vyenye upana wa milimita 29, uvigandishe kwa upande wa ndani wa kila gurudumu. Huo ndio mdomo unaozuia gurudumu kutoka kwenye reli. Kwa skeli halisi mdomo ungekuwa chini ya milimita moja, lakini njia ya mbao haina unyoofu wa njia ya chuma, kwa hivyo tunaongeza kidogo. Hapa peke yake ndipo tunapoivunja sheria yetu ya 40, na tunajua ni kwa nini.

Hatua ya nne: ekseli. Kata spoku ya baiskeli vipande vya milimita 46. Ingiza magurudumu mawili kwa kila kimoja, yakaze yasizunguke peke yake. Sasa pima kutoka uso wa nje wa mdomo mmoja hadi uso wa nje wa mdomo mwingine. Iwe milimita 24. Njia ni 25, kwa hivyo inabaki nusu milimita kila upande ya kupumulia.

Hatua hii ndiyo vijana wengi huichukia. Katika kikundi kimoja upande wa Bomet nilimsikia kijana akimwambia fundi mzee aliyekuja kuwafundisha:

"Mzee, si hii imetosha? Ni milimita mbili tu imezidi."

"Imezidi ekseli ngapi?"

"Zote nne."

"Basi kijana yangu, hujakosea. Umepima vizuri kwa rula mbaya. Nenda uangalie ile rula yako inaanzia wapi."

Kijana akaangalia. Ilikuwa rula ya plastiki iliyovunjika mwanzoni, na yeye alikuwa akipima kutoka ilipovunjikia. Basi kabla ya kumgombeza mtoto kwamba hajui hesabu, kagueni kifaa chake.

Hatua ya tano: bogi. Kila bogi ina ekseli mbili, na kati yake kuna sentimita 6. Kata mbavu mbili za ubao mwembamba au bati lililokunjwa mara mbili, uzisimamishe zikiwa na nafasi ya milimita 38 katikati. Toboa matundu ya ekseli. Spoku izunguke bila kubanwa, lakini isicheze. Panda bogi kwenye njia uisukume kwa kidole. Isipofika mwisho wa njia, usiendelee na kazi nyingine mpaka ufike chanzo chake.

Hatua ya sita: sakafu. Kata ubao wa urefu wa sentimita 39 na upana wa sentimita 6.8. Funga bogi mbili chini yake kwa bolti moja moja, na katikati ya bolti na bolti iwe sentimita 22. Usikaze sana, bogi lazima izunguke. Weka nati mbili juu ya kila bolti, moja ikibana nyingine, ndipo zisifunguke kwa mtikiso. Uso wa chini wa sakafu uwe milimita 30 juu ya reli.

Hatua ya saba: mwili. Kimo chote ni sentimita 9, na tumetumia 3 chini. Zimebaki 6. Kwa hivyo bati la mwili ni ubavu sentimita 6, paa 7, ubavu 6, jumla 19. Ongeza milimita 8 kila upande za kukunjia chini ya sakafu, jumla sentimita 20.6. Urefu ni sentimita 40. Madirisha yachorwe na yakatwe bati likiwa bado bapa, kwa sababu baada ya kukunja mkasi hauingii. Kunja kwa kubana bati kati ya mbao mbili zilizonyooka, ukigonga pole pole kwa kipande cha mbao, wala si kwa nyundo tupu. Nyuso za mbele na nyuma ni sentimita 7 kwa 6, zenye masikio ya milimita 8 juu na kando. Masikio yaingie ndani yakunjwe. Kila ukingo wa bati upigwe tupa. Bati lililokatwa ni wembe.

6. MOTA NA MKANDA

Injini ya kusukuma kwa mkono inatosha kwa watoto wadogo. Wakubwa waongeze mota ndogo ya volti 3 kutoka kwa redio au kichezeo kilichoharibika, na mawe mawili ya tochi. Ifungeni mota juu ya bogi yenyewe, sio juu ya sakafu. Ikiwa juu ya sakafu, bogi ikizunguka kwenye kona mkanda utajipinda na kuruka.

Mota ndogo inazunguka kwa kasi lakini haina nguvu. Mkanda wa mpira na puli mbili hubadilisha kasi kuwa nguvu. Puli ya mota ikiwa milimita 4 na ya ekseli milimita 20, mota itazunguka mara 5 ili ekseli izunguke mara moja. Hebu tufanye hesabu. Tuseme mota inazunguka mara 3,000 kwa dakika. Ekseli itazunguka mara 600. Mzingo wa gurudumu la milimita 25 ni kama milimita 78.5. Mara 600 ni karibu mita 47 kwa dakika, yaani kilomita 2.8 kwa saa. Zidisha kwa 40 ya skeli yetu, unapata kilomita 113 kwa saa. Hakuna gari la mizigo linalopanda Mau kwa mwendo huo! Punguza: tumia jiwe moja badala ya mawili, au ongeza puli nyingine katikati.

Kama magurudumu yanazunguka pale pale bila injini kusogea, ni uzito uliokosekana. Weka bolti na nati kuukuu juu ya bogi yenye mota, na uzungushie magurudumu yake duara jembamba la tyubu. Tatizo hilo ndilo la reli ya kweli: injini nyepesi inateleza, na nzito sana inaumiza reli. Hapo kijana atajua mwenyewe kwa nini Garratt ilihitaji magurudumu mengi.

7. KUIFANYA IWE YAKO

Sasa kila mtu aibadilishe apendavyo. Wenye picha za injini za mvuke za zamani watapenda rangi ya damu ya mzee, ndiyo iliyopakwa injini za Afrika Mashariki. Mwingine ataongeza ngazi za waya, taa ya mbele kutoka kwa tochi iliyokufa, vioo vya plastiki safi ya chupa, au kibao cha jina. Injini za daraja la 59 zilibeba majina ya milima. Kwa nini yako isiitwe Londiani, au Tinderet? Paka rangi mbili nyembamba kuliko moja nzito, na uache ya kwanza ikauke usiku kucha.

Sheria ni moja tu: unachoongeza nacho kigawanywe kwa 40. Ngazi ya nafasi ya sentimita 40 kwa hatua inakuwa sentimita moja. Ukiongeza dereva, mtu wa mita 1.7 anakuwa milimita 42 au 43.

8. JE, INALETA PESA?

Tuseme ukweli. Mtu asiache kukamua ng'ombe au kuchuma majani yake kwa kutegemea kuuza injini za bati. Wanunuzi ni wachache, wengi wakiwa watalii na wazazi wa mjini. Anayetaka kuuza aandike kwanza kila shilingi ya vifaa, na kila saa ya kazi. Tuseme injini moja imechukua saa 30 na vifaa vya shilingi 600. Ukiiuza kwa 1,500, umelipwa shilingi 30 kwa saa. Ukitengeneza nne kwa pamoja, ukikata magurudumu yote siku moja na mwili wote siku nyingine, saa zinapungua. Hesabu hii yenyewe ni somo, kwa sababu vijana wengi huweka bei bila kuhesabu jasho lao.

Faida kubwa iko mahali pengine. Kijana aliyemaliza injini moja amechora, amesoma mchoro, amepima kwa milimita, amekunja bati kwa mraba, amepanga puli na mkanda, na ameunganisha waya. Vitu hivyo ndivyo atakavyokutana navyo katika chuo cha ufundi, na katika sehemu ya vitendo ya mtihani wa ufundi wa serikali, ule wa gredi, ambao husimamiwa na NITA. Hata mashine ya kuchuma chai ina injini, meno na bolti, na ikiharibika inatafuta mtu. Sisemi kwamba kazi zilizopotea zitarudi kwa njia hiyo. Mtu mmoja anayetengeneza mashine hawezi kula kwa niaba ya wote waliokuwa wakichuma. Lakini ni afadhali mtu huyo awe mtoto wa hapa.

Viongozi wa vikundi, msifanye kazi hii iwe ya wavulana peke yao. Msichana anayesuka sufi kwa kuhesabu nyuzi ameshazoea kazi ya kipimo, na mara nyingi mkasi wake unafuata mstari kuliko wa kaka yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Injini ya kweli ina urefu wa mita 14 na kimo cha mita 3.4. Kwa skeli ya 1 kwa 40, mfano wake utakuwa na vipimo gani?

2. Reli mpya ina upana wa milimita 1,435. Kwa skeli yetu, njia yake itakuwa na upana gani? Je, injini tuliyotengeneza itapita juu yake?

3. Ni wapi kijijini kwetu ambako betri kuukuu huvunjwa au huyeyushwa? Watoto hucheza umbali gani kutoka hapo? Nani atakwenda kuzungumza na mwenyewe, na lini?

4. Ni fundi gani wa karibu, mzee au kijana, anayeweza kukaa na kikundi Jumamosi mbili? Tutamlipa nini, au tutamsaidia kazi gani shambani badala ya pesa?

5. Rula, tupa na mikasi ya kikundi itatunzwa na nani, na itaandikwa wapi?

Kikundi kinachoanza kisinunue kila kitu siku ya kwanza. Rula ya chuma moja, mkasi wa bati mmoja na tupa moja zinatosha watu sita wakipeana zamu. Siku ya kwanza fanyeni hesabu na karatasi, ya pili njia, ya tatu na ya nne magurudumu. Injini ya kwanza itachukua kama wiki sita za Jumamosi, na huenda ikaanguka kwenye kona. Ikianguka, msikimbilie kuirekebisha kwa kupinda huku na huku. Shukeni chini na rula, mpime ekseli moja moja hadi mpate ile iliyokosa.